Jiko la Chaki

Juzi binti yangu kanitumia picha ya jiko analotaka huko kwake Dodoma. Fundi kalichora kwa programu ya simu: makabati meupe kuta tatu, vishikio vya dhahabu, droo zinazojifunga zenyewe. Nikamjibu, zuri. Kisha nikamuuliza, umelitembea? Hakunielewa, na vidole vyangu havina subira ya kueleza yote kwenye simu.

Nyumba yetu ya Chumbageni, Tanga, 2015. Makabati yetu yalikuwa ya MDF, na yale ya chini ya sinki yalishafura, milango haifungi. MDF ni unga wa mti na gundi. Ikishakunywa maji huumuka kama andazi na hairudi ilivyokuwa. Kaka akataka tuweke MDF tena kwa sababu ya bei. Mimi nikang'ang'ania mtiki wa Longuza, lile shamba la miti la Muheza. Tukaishia milango ya mtiki, ndani plaiwudi, na yote yakae juu ya kitako cha zege ili maji ya deki yasifikie mbao.

Fundi akaja Jumamosi na futi kamba, penseli sikioni, na chaki. Vyombo vyote tulishavitoa uani. Akapiga magoti akachora sakafuni: futi mbili kutoka ukutani, ndio upana wa kabati la chini. Hapa sinki, hapa droo, hapa mtungi wa gesi, na matundu chini kabisa ya mlango wake, maana gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka. Akajipangusa magoti. "Mama, mwite bibi aje aone."

Bi Mkubwa akavua kandambili mlangoni asije akafuta mistari. Akaushika mlango usiokuwapo, akauvuta, akarudi nyuma kuupisha, makalio yakagota ukuta wa pili.

"Mlango huu wanisukuma."

Fundi akafuta, akachora milango miwili myembamba. Bi Mkubwa akaepua sufuria la hewa, akageuka kulia, akageuka kushoto. "Nalitua wapi, kichwani?" Fundi akafuta tena. Ndipo akatoka, akarudi na mbuzi yake, akaifungua katikati ya mraba ulioandikwa DROO, akaketi, kanga kaibana magotini.

"Bibi, hapo umekalia vijiko."

"Vijiko vitahama, mwanangu. Mimi nazi nikunie wapi?"

Fundi akanitazama. Mimi nikatazama dari. Uani kunguru walikuwa wanapekua masufuria yetu na hakuna aliyekwenda kuwafukuza. Mwishowe akavuta futi kamba, akampima goti hadi goti, akaandika.

Mengine yakaenda kama yanavyoendaga: malipo ya awali, kesho, keshokutwa, umeme hakuna, Idi ikatukuta makabati hayana milango. Bi Mkubwa alilikalia pengo lake mpaka magoti yalipokataa, akahamia kwenye kiti uani. Leo linakaa ndoo ya mchele. Kaka kila akija hutukumbusha kwamba tulipoteza droo tatu, na huenda ni kweli.

Siku ya kumalizia hesabu, fundi alikuwa anatoza kwa futi ya urefu wa ukuta. Bi Mkubwa akamwuliza, "Pengo hilo umelitia mbao?"

"Hapana bibi, ila kaunta imepita juu."

"Kaunta nitalipa. Pengo silipi."

Akapunguza elfu ishirini, upesi mno. Nadhani alishaziongeza tangu siku ile ya chaki.