Bodaboda wa juzi bado ana namba yangu

Jana saa nne usiku nimekaa zangu naangalia tamthilia, mara meseji inaingia wasap, "mambo mrembo, leo hutoki?" Kumbe yule bodaboda niliyemwita kwa apu juzi, na mbaya zaidi anajua mpaka geti letu jeusi maana alinishusha hapo hapo. Sheria ya kulinda taarifa binafsi Tanzania tunayo tangu 2022, sawa, ila namba ishakaa kwenye simu yake, nani ataenda kuifuta? Na dawa yake wala si ngumu, apu ifiche namba, tupigiane humo humo ndani, safari ikiisha basi. Mimi siku hizi pini ya kushukia kwenye apu naweka dukani kwa Mangi, nyumba tatu zilizobaki natembea, hata mvua inyeshe.