Lori ni la kampuni, si la marehemu

Kwenye kabati langu hapa Uyole, Mbeya, kuna kaunta buku la kwaya nne ambalo si langu. Lilikuwa la mzee aliyeniajiri mwaka 2008, nikiwa nimetoka kumaliza stashahada ya uhasibu. Nililichukua siku yadi yake ya Iyunga ilipofungwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa analitaka. Kurasa zake zimegawanywa kwa kalamu nyekundu: namba ya gari, dereva, mafuta, mzigo wa kwenda, mzigo wa kurudi, mengineyo. Kila siku saa 12 na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mlima Loleza, Mzee alilamba kidole, akafungua ukurasa mpya, akaniuliza swali lile lile: "Kamwene, mwanangu. Zipo ngapi barabarani?"

Alikuwa Mkinga wa Makete. Alianza kwa kupima mafuta ya taa Mwanjelwa, akanunua Fuso ya mkono wa tatu, akapakia viazi na mbao. Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006 yeye alikuwa ameshahamia kwenye semi. Wakati naanza kazi kampuni ilikuwa na semi 14. Ilipofika 2018 zilikuwa 41, zinapandisha mbolea na saruji kutoka Dar kwenda Zambia na Lubumbashi, zinashuka na shaba. Madereva, matandiboi, mafundi na sisi wa ofisini tulikuwa watu zaidi ya 100. Nje ya watu wa barabarani hakuna aliyelijua jina la kampuni hiyo, na yeye alipenda iwe hivyo.

Mwaka 2017, Vodacom walipouza hisa kwa wananchi kwa shilingi 850 hisa moja, nilimletea Mzee waraka wao wa matarajio, yaani kile kitabu cha kumweleza mnunuzi kampuni ikoje. Sheria ilikuwa imezitaka kampuni za simu ziuze robo ya hisa zao kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam, nami nilikuwa nina hamu, nikaona labda na kampuni zetu za huku juu siku moja zitafika. Mzee aliusoma siku mbili, miwani puani. Akakwama kwenye kurasa za mahesabu.

"Yaani hata dereva wangu atajua nimepata ngapi mwaka huu? Na jirani wa yadi ya pili naye?"

Nikamwambia ndiyo, na kila baada ya miezi michache unatangaza tena. Akaukunja, akanirudishia. "Mwanangu, mimi bado nina lori zinapanda mlima."

Sikumwona mshamba, na mpaka leo simwoni hivyo. Soko letu la hisa lilianza biashara Aprili 1998, kampuni ya kwanza ikiwa TOL, na mpaka sasa kampuni zilizoorodheshwa pale hazijafika hata 50. Bakhresa hayupo. MeTL ya Mo Dewji haipo. Unga tunaopikia ugali na sabuni tunayofulia vinatoka kwa matajiri wasiowajibika kumwonyesha mpita njia vitabu vyao. Watu wengi wakisikia "kampuni binafsi" wanafikiri ni kampuni ndogo, na hapo ndipo wanapokosea. Sheria ya Makampuni ya 2002 haikuangalia ukubwa kabisa: inasema tu wanahisa wasizidi 50, bila kuhesabu wafanyakazi, hisa zisiuzwe hovyo hovyo, na umma usialikwe kuzinunua. Ukitimiza hayo, unaweza kuwa na lori moja au 1,000, wewe bado ni kampuni binafsi.

Na ubinafsi huo una faida niliyoiona kwa macho. Mwishoni mwa 2015 bei ya shaba ilianguka, ikaenda chini ya dola 5,000 kwa tani, migodi ya Zambia ikapunguza watu. Sisi tukawa tunateremka tupu kutoka Ndola. Gari 17 zikalala Iyunga. Nilimwandalia Mzee hesabu ya kuuza 8 na kuachisha madereva 15, nikamwekea mezani. Aliisoma mpaka mwisho, akageuza karatasi, akaandika nyuma: nusu mshahara, miezi mitano. Hakuna mwanahisa aliyempigia simu kuuliza gawio, yaani mgao wake wa faida. Shaba ilipopanda tena, wenzetu waliouza gari walikuwa wanatafuta madereva wa kuazima, na sisi tulikuwa nao wote, wanaijua barabara ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, kama njia ya kisimani kwao.

Fundi wetu mkuu alikuwa na usemi wake kila akifungua injini: "Hii pampu ni ya Bosch, usiniletee nyingine." Siku moja nikaamua kusoma hiyo Bosch ni ya nani. Nikakuta ni kampuni ya Ujerumani ya mwaka 1886, iko karibu kila nchi, na hisa zake hazipo sokoni. Asilimia kama 94 ni za wakfu, yaani mfuko uliotengwa kwa ajili ya jamii. Mwenyewe, Robert Bosch, alifariki mwaka 1942 akiwa ameacha wosia unaoeleza anataka nini kwa kampuni, na mwaka 1964 hisa za familia zikahamishiwa kwenye wakfu huo. Kura za kuiendesha kampuni zikapewa chombo kingine, ili wanaopokea faida kwa ajili ya hospitali na shule wasiwe ndio wanaoamua juu ya kiwanda.

Nikamfuata tena fundi: na giaboksi? ZF, akasema. Nayo nikaitafuta. ZF ilianzishwa mwaka 1915 mjini Friedrichshafen kutengeneza gia za zile ndege kubwa za gesi za Zeppelin. Zeppelin alikuwa ameweka mali yake kwenye wakfu, na kwenye katiba ya wakfu aliandika kwamba kazi ya ndege ikifikia mahali haiwezekani tena, mali iende kwa mji. Yeye alifariki mwaka 1917. Miaka 30 baadaye, vita imeisha, ndege zile hazipo, kifungu kile kikafanya kazi: mji ukaupokea wakfu. Leo zaidi ya asilimia 90 ya ZF ni ya wakfu unaosimamiwa na halmashauri ya mji. Nilipomsimulia fundi aliweka spana chini. Giaboksi aliyokuwa ameikalia, gawio lake linakwenda kwa mji wenye wakazi wachache kuliko Mbeya.

Nilimweleza na Mzee. Alisikiliza kwa makini sana, akauliza huyo Zeppelin aliandika mwenyewe au aliandikiwa na wakili. Kwenye kaunta buku, ukurasa wa siku ile, chini ya "mengineyo", kuna mwandiko wake: karatasi za kampuni — wakili.

Hilo neno "wakili" limeandikwa mara tatu zaidi katika kurasa zinazofuata. Hakwenda.

Mzee alifariki Juni 2019, baridi ikiwa imekaza. Presha, ghafla, njiani kutoka Chimala. Tulimzika Makete, na siku ya tatu baada ya kuanua matanga kikao cha ukoo kikakaa. Mimi niliitwa kwa sababu ndiye niliyejua idadi ya gari. Nilipofika nikakuta baba mkubwa ameshika karatasi, wameanza kugawa. Scania mbili mpya kwa mama mkubwa. Nne za zamani kwa watoto wa mama mdogo. Yadi wauze. Kila mtu anaitikia kwa kichwa, hakuna ugomvi wowote, na mimi ndani ya moyo naona kampuni inachinjwa kwa upole.

Nikaomba nafasi. "Shikamooni wazee wangu. Naomba niseme. Gari hizi si za marehemu. Kadi zote zimeandikwa jina la kampuni. Marehemu alikuwa na hisa 99, na mama mkubwa ana 1. Kinachorithiwa ni zile hisa 99. Kampuni haijafa, iko hai, ina madeni yake na mali yake."

Shangazi wa marehemu akaniangalia kwa huruma kabisa. "Mwanangu, kwani kampuni ni nani kama si yeye?"

Nimekaa na swali hilo miaka yote hii. Kisheria nilikuwa sahihi. Lakini shangazi alikuwa anaeleza jinsi kampuni ilivyoishi kweli: sahihi ya benki ilikuwa yake peke yake, bei za mizigo zilikuwa kichwani mwake, watu wa Lubumbashi walikuwa na namba yake tu. Benki ikazuia akaunti mpaka apatikane msimamizi wa mirathi na mkurugenzi mpya. Hiyo ilichukua miezi saba. Mishahara ikasimama. Gari 12 zilikuwa na mkopo, kadi ziko benki, na mkopo haujui matanga. Zikaanza kukamatwa moja moja, mbili zikiwa na mzigo wa watu mizani ya Mpemba. Zilizobaki watoto walizichukua hivyo hivyo, kila mmoja na yake. Mwaka uliofuata zilikuwa 9 barabarani. Madereva waliovumilia nusu mshahara ule wa 2015 hawakupata hata hiyo nusu.

Ndiyo maana watu wanaponiambia kampuni kubwa za familia zinahofia soko la hisa, mimi nasema kaburi ndilo linalozipima. Cargill wa Marekani ndio wafanyabiashara wa nafaka wakubwa kuliko karibu wote duniani, na tangu 1865 wamebaki mikononi mwa familia. Mwanzilishi alipofariki mwaka 1909 aliacha madeni mazito, na kampuni ingekwisha palepale kama mkwewe, John MacMillan, asingekaa na wadai akawalipa kidogo kidogo. Familia hizo mbili, Cargill na MacMillan, zinaimiliki mpaka leo.

Lakini kisa chao ninachokisimulia mara nyingi ni cha juzi juzi. Mjukuu wa mwanzilishi, Margaret Cargill, alifariki mwaka 2006. Hakuwa na mtoto, mali yake akaiachia misaada, na sehemu kubwa ya mali hiyo ilikuwa hisa za kampuni. Sasa misaada inahitaji fedha, na hisa ambayo haipo sokoni huwezi kuipeleka Mwanjelwa ukaiuza. Njia rahisi ilikuwa kuiingiza Cargill sokoni, kila mtu auze chake. Familia haikutaka. Walikuwa wanamiliki asilimia 64 ya Mosaic, kampuni ya mbolea ambayo yenyewe iko sokoni, thamani ya sehemu hiyo ikiwa zaidi ya dola bilioni 24. Mwaka 2011 wakaitoa: wenye kuhitaji fedha wakachukua hisa za Mosaic na kurudisha za Cargill. Walikata mkono mzima ili mwili ubaki wao. Mimi huwa naiona kama kikao cha ukoo kilichokaa vizuri, chenye mawakili wengi na chai nyingi.

Sisi hatuna Mosaic ya kutoa. Ila vipo vitu ambavyo Mzee angeweza kuviweka kwa gharama ya tairi mbili. Katiba ya kampuni ingesema mrithi akitaka kutoka, wenzake ndio wa kwanza kununua hisa zake, zithaminiwe na mkaguzi kwa kanuni iliyoandikwa, alipwe kwa awamu, tuseme miaka mitano, ili gari zisiuzwe kumlipa. Sahihi ya benki ingekuwa ya watu wawili. Mkurugenzi wa pili angekuwa mtu anayeingia ofisini, maana mama mkubwa, pamoja na heshima zangu zote kwake, hakuwahi kuona leja. Na watoto wangeonyeshwa vitabu baba akiwa hai, hata mara moja kwa mwaka. Kampuni iliyo sokoni inalazimishwa kuonyesha vitabu kwa watu wasioijua. Mzee alikwepa hilo, sawa, ila akawaficha hata watoto wake, na hapo ndipo sikubaliani naye hata akifufuka.

Siku hizi nafanya kazi yangu mwenyewe. Napanda basi nakwenda Mafinga kwa watu wa mbao, Tukuyu kwa wenye mashamba ya chai na parachichi, Ubaruku kwa wenye mashine za mpunga. Naomba katiba kwanza kabla ya mahesabu. Mara nyingi inatoka ndani ya bahasha haijafunguliwa tangu siku ya usajili, imenakiliwa kutoka kwa kampuni nyingine, wakati mwingine hata jina la ile nyingine halijafutwa kwenye ukurasa wa tatu.

Jumamosi hii nakwenda Makambako. Ni mama mwenye semi 22 na kituo kimoja cha mafuta, ana watoto wanne, mmoja yuko Dar na haelewani na wenzake. Nimemwomba waje wote, hata huyo wa Dar. Amesema atakuja, ila amemuuliza mama yake kwa nini anaongea mambo ya kufa wakati ni mzima. Kaunta buku nakwenda nalo, lile la Mzee, nitawafungulia ukurasa ulioandikwa "wakili".