Poda ya Majuu kwenye Joto la Kigoma: kwa Mnaorudi Desemba

Wengi wetu tulioko Ulaya na Marekani hupanga kwenda Kigoma Desemba, msimu wa harusi na sendofu, na tunabeba poda ile ile iliyotutosha kwenye baridi. Huku hewa ni kavu na hita zinawaka kutwa, mafuta ya uso hutoka kidogo. Kigoma Desemba mvua zimeshaanza, joto lina unyevu, na ngozi hutoa mafuta haraka zaidi. Si lazima ununue poda nyingine. Badilisha maandalizi na kiasi.

Chembe za poda, ziwe za talki, silika au wanga wa mahindi, zina kikomo cha kunyonya mafuta. Zikishashiba, kuongeza nyingine juu kunazaa tabaka zito linalojikusanya pembeni mwa pua na kufanya mabaka. Hapa ndipo wengi tunapoharibu uso mzuri. Mafuta yatolewe kwanza, poda ifuate.

Osha uso kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini ya uso. Sabuni ya mche iacheni kwenye nguo, inakausha ngozi na kuiwasha. Paka losheni nyepesi, kisha krimu ya kuzuia jua: mistari miwili yenye urefu wa kidole cha shahada na cha kati, uso na shingo. Subiri dakika 10 hadi 15. Poda ikikuta krimu mbichi hugandana, na hakuna brashi itakayoisawazisha. Sasa kandamiza tishu usoni bila kusugua.

Mimina poda robo kijiko cha chai kwenye kifuniko. Chovya sponji, likunje poda iingie ndani, kung'uta inayozidi. Anza na pua, paji la uso, kidevu: bonyeza, viringisha kidogo, inua. Ukiburuta unang'oa fondesheni. Mashavu yanatosheka na masalia ya kwenye sponji, chini ya macho gusa tu.

Jasho lina utaratibu wake. Ukitoka Ujiji hadi Mwanga kwa bodaboda, kausha uso kwanza kwa leso safi, maana poda juu ya jasho huwa kama unga wa muhogo uliomwagikiwa maji. Baadaye mchana, tishu kwanza, kisha poda kidogo palipong'aa tu. Mara mbili kwa siku yatosha.

Anayekwenda Tabora kiangazi, Julai hadi Oktoba, apunguze. Hewa kule ni kavu: pua inang'aa huku mashavu yamepauka, kwa hiyo mashavu usiyatie poda kabisa.

Kuhusu rangi, poda nyeupe huacha majivu kwenye ngozi nyeusi, na yenye silika nyingi hutoa weupe kwenye picha za flashi. Ijaribu kwenye taya, nje ya duka, kwenye mwanga wa mchana. Za kuwapelekea mawifi chukua zenye kahawia au manjano. Ukisafiri kutoka Marekani, poda ya zaidi ya mililita 350 kwenye begi la mkononi huweza kukaguliwa zaidi, hivyo itie kwenye begi kubwa.

Sponji lioshwe kila wiki na likauke kabisa kabla ya kurudi koponi. Wakati wa mvua halikauki upesi, kwa hiyo beba mawili.