Napika vitumbua na nina kisukari, hivi ndo nilivyoishi na hamu ya sukari

Mwenzenu napika vitumbua hapa Tanga, Ngamiani, huu mwaka wa 14 sasa. Na siku za shughuli napokea oda za visheti, kaimati na kashata. Kwahiyo nikisema nilikua naishi ndani ya sukari muelewe ndo kazi yangu ilivyo, unga naonja, shira naonja, kashata ikivunjika haiuziki inaingia mdomoni, na chai yangu vijiko 3 ya alfajiri, vijiko 3 ya saa 4, vijiko 3 ya jioni. Sikuwahi kuhesabu. Nani anahesabu anachokula akiwa jikoni kwake?

2021 nikiwa na miaka 43 nikaanza kuamka usiku kukojoa mara 4 mara 5, nikasema ni maji nayokunywa sababu ya joto la jiko. Kiu haiishi. Halafu fangasi sehemu za siri, natumia dawa ya duka la dawa inapoa wiki 2 inarudi, ikaenda hivo kama miezi 7, na hili nalisema wazi kabisa kwasababu wanawake wengi tunalificha na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba fangasi wa kurudi rudi wanaweza kua ni sukari. Kilichonipeleka hospitali ni macho, kuna asubuhi nilishindwa kuona namba kwenye simu wakati wa kupokea hela ya mteja. Wakapima sukari kidoleni hapo hapo, 18.4 (namba zote za kidoleni humu ni mmol/L). Kesho yake nikarudi sijala kitu, 11.6, na mtu akiwa na 7 kwenda juu hajala wanasema hicho ni kisukari. Kipimo cha HbA1c kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi kama 3 ya nyuma kikaja asilimia 10.1, na kwa hicho kuanzia 6.5 ndo unahesabiwa mgonjwa.

Nikapewa metformin, vidonge vya kushusha sukari, ya miligramu 500 asubuhi na usiku na karatasi imeandikwa usile sukari, usile vitamu, punguza wanga. Basi. Mimi mpika vitumbua, naambiwa usile vitamu, nenda. Sikuuliza swali, nilikua nalia.

Metformin mwanzoni ilinisumbua tumbo vibaya sana, kuharisha mpaka nikafikiria kuacha, kumbe nilikua naimeza na chai tu. Nilipoanza kuimeza katikati ya chakula, yani nimeshakula nusu ndo nameza, baada ya wiki 2 hivi tumbo likatulia. Hiyo peke yake nilitamani ningeambiwa siku ya kwanza.

Kwenye hamu sasa. Mimi niliacha kila kitu siku moja, sukari, wali, vitumbua, soda, vyote. Siku 9 nilikaza. Siku ya 10 usiku saa 4 watu wamelala nikaingia jikoni kwenye sinia la kashata la oda ya mtu nikala nusu yake nimesimama gizani, sikuwasha hata taa. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma. Nilijiona mtu dhaifu asiye na msimamo na nikakaa karibu mwezi sirudi kliniki kwa aibu.

Aliyenisaidia ni mama mmoja wa lishe, mtu mzima, nilimkuta pale kliniki niliporudi. Nikamuelezea kashata nikijua atanisema, yeye akaniuliza "mwanangu, hiyo hamu inakujiaga saa ngapi?" Sikua na jibu. Akaniambia nenda kaandike. Nikachukua daftari la mwanangu lililobaki karatasi, wiki 2 nzima kila nikitamani kitu kitamu naandika saa na nilikula nini kabla na nililala saa ngapi. Jamani, hamu ilikua na ratiba! Saa 4 asubuhi, saa 10 jioni, na usiku baada ya kula, hapo nje ya hapo nilikua mzima tu.

Akanieleza kwamba kisukari kikiwa juu damu imejaa sukari ila haiingii vizuri mwilini kule inakotakiwa kutumika, kwahiyo mwili unalia njaa wakati sukari inapita tu humo kwenye mishipa. Na ukianza siku na chai ya sukari na kitumbua, sukari inapanda haraka halafu inashuka na wewe unatafuta tena. Kwahiyo ile hamu sio tabia mbaya ya moyo wangu. Kusikia hivo tu nilipumua.

Ya saa 4 ilitokana na kifungua kinywa. Nikabadilisha, mayai 2 ya kuchemsha au maharage ya nazi yaliyobaki usiku, na mchicha au kachumbari, na kipande cha muhogo wa kuchemsha kama nusu ya kiganja. Wiki ya kwanza nilihisi nakula chakula cha mchana asubuhi, wiki ya pili saa 4 ikapita bila mimi kujua imepita.

Ya saa 10 jioni ilikua usingizi. Hapa nawaomba wenzangu wa kazi za alfajiri msome taratibu. Mimi nilikua nalala saa 5 naamka saa 9 nisage mchele, nipige unga uumuke ili saa 11 kikaango kiwe motoni, yani masaa 4 tu kwa miaka 10, na mwili usiolala unatafuta nguvu ya haraka na hakuna nguvu ya haraka kama sukari, na hata sukari ya damu yenyewe inapanda kwa kukosa usingizi. Nikabadilisha kazi, mchele naloweka mchana, nasaga saa 2 usiku na tui na iliki, hamira naweka robo tu ya ile niliyozoea na chombo naweka sehemu ya baridi unga uumuke polepole usiku kucha, saa 3 nimelala naamka saa 10. Na vitumbua vikawa laini kuliko zamani, wateja wenyewe waliuliza nimebadilisha nini.

Ya usiku ilikua soda ya mume wangu na tv. Tulikaa tukaongea na yeye akakubali soda isiingie ndani, anakunywa huko huko kijiweni. Nilimuonyesha kwa vijiko, soda ya kola ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, nikamchotea vijiko 9 vya chai kwenye sahani akaangalia akanyamaza. Namshukuru sana kwa hilo maana nyumba nyingi mgonjwa anapigana peke yake.

Chai nilishusha nusu kijiko kila wiki, wiki 6 nikafika sifuri. Natia mchaichai, tangawizi na iliki nyingi. Ulimi unajifunza, mwezi wa tatu nilionja chai ya jirani nikaona kama shira.

Kuna makosa niliyafanya naona watu wengi wanayafanya pia. Nilihamia asali nikiamini ni ya asili haina shida. Nikahamia sukari guru. Nikawa nakunywa juisi ya embe freshi glasi kubwa kwa sababu ni tunda. Na nikaambiwa dona ni salama nikawa nakula mlima wa dona. Nilipopata kimashine cha kupimia ndo niliona ukweli, asali ilinipandisha kama sukari tu, juisi ya embe ikanipeleka 14, na ule mlima wa dona nao, dona ni nzuri ila kiasi ni kiasi. Embe lenyewe nakula vipande vichache baada ya chakula na hainisumbui sana, ila juisi unakunywa maembe 3 kwa dakika 1 na makapi yamebaki kwenye chujio.

Stripsi, vile vijiti vya kuwekea damu kwenye kimashine, ni ghali, siwezi kupima mara 4 kwa siku, kwahiyo napima kwa jozi, kabla ya kula chakula fulani na masaa 2 baada ya lile tonge la kwanza, nakijua hicho chakula nakiandika, wiki nyingine napima kingine. Vitumbua 2 na chai ya rangi tumbo tupu vilinitoa 6.9 mpaka 13.2. Kitumbua 1 baada ya mayai na mboga nikatembea kidogo kupeleka oda mtaa wa pili, 8.8. Mkono ule ule umekipika, mchele ule ule. Mwili wako unaweza kukupa namba nyingine, pima mwenyewe.

Halafu kuna kipindi nilipotea. Mtu ninayemheshimu aliniambia kitamu kinavunjwa na kichungu, nikawa nakunywa muarobaini kutwa mara 3 na dawa za hospitali nikaweka pembeni. Wiki 5. Nilijisikia vizuri kabisa ndo ubaya wake, sukari ya 13 ukiizoea haiumi. Nilipopima nikakuta 16.7 na vidole vya miguu vimeanza ganzi. Ganzi ile haijaisha yote mpaka leo. Sitaki kubishana na mtu kuhusu mizizi, ninachosema dawa zako usiache, na kama unakunywa kitu mwambie daktari wako ajue.

Baada ya hapo wakaniongezea gliclazide, kidonge kingine cha kushusha sukari, na hiyo nayo nikajifunza kwa vitendo. Siku moja nimeimeza nikakimbizana na oda ya harusi sijala mpaka saa 7, nikaanza kutetemeka, jasho la baridi, moyo unaenda mbio, maneno hayatoki vizuri. Mwanangu akanipima, 3.2. Akakoroga vijiko 4 vya sukari kwenye maji nikanywa, dakika 15 akapima tena 4.6 nikala chakula. Yani siku hiyo sukari ndo ilikua dawa, mtu mwenye kisukari anayetumia dawa za kushusha lazima awe na sukari au glukosi karibu na watu wa nyumbani wajue.

Ila ikaniachia tatizo jipya. Kila nikihisi kutetemeka kidogo nakimbilia sukari nasema inashuka. Kumbe mwili uliozoea 13 ukishuka 7 unaona kama unakufa. Nilipoanza kupima kwanza ndo nile, mara nyingi nakuta 7 au 8, kawaida kabisa, ni hofu na mazoea. Nakunywa maji nakaa, inapita. Chini ya 4 ndo naweka sukari mdomoni.

Kuonja kazini hilo lilikua gumu kuliko yote. Mwisho nilijiuliza, miaka 10 napika kwa kikombe kile kile cha sukari na kilo ile ile ya mchele, naonja nini? Nilikua nanogewa tu. Sasa napima kwa kikombe na anayeonja ni mwanangu, ana ulimi mzuri mno, kuna siku alinikatalia unga akasema iliki ya zamani hii mama, na alikua sahihi. Vinavyovunjika vinaingia kwenye ndoo yenye mfuniko vinaenda kwa watoto wa madrasa jirani.

Watu nao. Shughulini wifi anakuwekea sahani "kidogo hakiui". Zamani nilikua naelezea ugonjwa wote. Sasa hivi nasema ahsante wifi nimeshiba, nimekula nyumbani, na kweli nakua nimekula, siendi shughuli na njaa hata siku moja.

Ramadhani ya kwanza daktari alinizuia kufunga nikakubali kwa shida. Ya pili tulikaa naye mwezi mmoja kabla akapanga dawa upya, kubwa wakati wa futari ndogo daku, nikajifunza kupima mchana na ikishuka chini ya 3.9 nafungua bila kujadiliana na nafsi. Nilifungua siku 2. Futari ilikua mtihani, tambi za sukari, kaimati, magimbi na mihogo ya nazi sahani moja wote wanga. Nafungua na maji na tende 1, naswali, nakula samaki na mboga kwanza, halafu gimbi 1. Kaimati nilipika kila siku ya mwezi kwa ajili ya kuuza, na nilikula siku ya Idi tu, 2.

HbA1c ya mwaka wa kwanza ilitoka 10.1 ikaja 8.2, halafu 7.1, ya mwisho 6.7. Macho wamenipima mara 1 kwa mwaka, sawa mpaka sasa. Miguu naiangalia kila usiku kwa kioo kidogo chini ya unyayo na jikoni sisimami pekupeku tena, mafuta yakiruka kwenye mguu wenye ganzi huyasikii.

Hamu bado ipo, hasa nikigombana na mtu au nikiwa kwenye siku zangu, na zipo siku nakula kuliko nilivyopanga. Siku hizo naandika kwenye daftari kama siku nyingine na kesho yake nakula mayai yangu kama kawaida. Ijumaa ndo siku yangu ya kitumbua, nakula kimoja cha pembeni kile kilichokauka ukingo, baada ya chakula, nimekaa chini mchana kweupe na wanangu. Ijumaa iliyopita baada ya masaa 2 nilipima ikasoma 8.4.