Nilizipakua, Zikabaki Chunguni

Alhamisi moja ya Januari, wiki shule zinapotaka kufunguliwa, nilikuwa na sare 43 za kumaliza. Umeme upo, uzi upo, binti yangu wa kutia vifungo kawahi. Nikawasha spika, nikaigusa ile orodha yangu ya nyimbo ninayoiita "Cherehani", nikakuta nyimbo zote zimepauka kama nguo iliyolowekwa kwenye jiki. Nagusa huu, hauendi. Nagusa ule, kimya. Chini yake kuna maandishi: usajili wako umekwisha, lipia uendelee kusikiliza.

Nyimbo 312. Nilizipakua mwenyewe, moja moja, usiku wa manane bando likiwa rahisi, hadi simu ikaanza kulalamika kuwa imejaa. Kila moja ilikuwa na alama ya tiki pembeni kuonyesha imeshaingia. Mie nilijua zangu.

Ugomvi wangu na hawa watu wa programu ya muziki wa kulipia kwa mwezi ni ugomvi wa neno. Jikoni kwangu kupakua ni kutoa chakula chunguni ukakitia kwenye sahani. Ukishapakuliwa wali wako, umepakuliwa. Mpishi hawezi kurudi baada ya wiki mbili akasema lete. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa kuli bandarini hapa Tanga, enzi ambazo meli zilitia nanga kule mbali kwenye kina na mzigo ukaletwa gatini kwa matishari. Nao walikuwa na kupakia na kupakua. Gunia likishapakuliwa liko nchi kavu, meli iking'oa nanga iende Mombasa au ikazame, gunia lipo. Kwa hiyo nilipoona kitufe kimeandikwa "Pakua", nilikielewa kwa Kiswahili hicho cha baba na cha mama. Wangeandika "Azima" ningejua moja.

Nikampigia mtoto wa kaka yangu, yuko chuo Dodoma, ndiye aliyeniingiza huko.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nyimbo zangu ziko wapi?"

"Zimo humo humo kwenye simu. Zimefungwa tu."

"Kazifunga nani?"

"Mkataba, shangazi. Si ulikubali siku ile?"

"Aliyebonyeza 'Nakubali' ni wewe."

Akacheka sana. Mie sikucheka, nilikuwa na sare 43.

Kilichotokea ni hiki: kadi yangu ya mtandaoni, ile inayotengenezwa ndani ya akaunti ya pesa za simu, haikuwa na salio siku ya kukatwa. Desemba ilikuwa na msiba na harusi mbili. Kampuni (siitaji, nisije nikaitwa mchonganishi) ilijaribu kukata mara tatu, ikakosa, ikafunga. Miezi 14 niliyolipa bila kukosa haikuhesabiwa kitu.

Mtoto wa kaka alipokuja likizo nikamkalisha kwenye kigoda, nikamwambia leo tunausoma huo mkataba wote. Ni wa Kiingereza, mrefu kama khanga isiyokatwa. Akawa anasoma na kutafsiri huku mie napiga pasi. Mambo mengi yalikuwa ya kawaida, usiibe, usitukane, lakini sentensi moja nilimwomba airudie mara tatu: muziki huu "umepewa leseni, haukuuzwa". Na leseni yenyewe ina mipaka, haihamishiki kwa mtu mwingine, na wanaweza kuifuta. Nikamuuliza, haihamishiki maana yake nini, nikifa? Akasema shangazi, ukifa inakufa nawe. Kaseti za baba ninazo 60 na kitu kwenye sanduku la bati: Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, taarabu ya Black Star, mji huu wote umo mle. Hakuna aliyeniuliza leseni nilipozirithi.

Kumbe hata hao wakubwa ninaowasikia tu sikuwahi kuwatumia, wana masharti ya namna hiyo. Spotify, programu ya muziki iliyofika Tanzania na Kenya mwaka 2021, inakuruhusu kupakua hadi nyimbo 10,000 kwenye kila kifaa, vifaa vitano, lakini lazima uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo zinaondoka. Simu inapiga hodi kuuliza: huyu bado analipa? Mtu aliyeko shamba Handeni msimu wote wa kilimo, mtandao ni wa kupanda kichuguu, atajikuta na orodha tupu na hela kalipa.

Sasa gharama, maana hapa ndipo nilipojidanganya zaidi. Tangazo lilisema dola 2.99 kwa mwezi. Nikapiga hesabu ya harakaharaka, nikaona ni bei ya kupunguza gauni moja. Lakini dola haikai mahali pamoja, na kadi ina makato yake. Nimerudi kwenye ujumbe wa simu nikazijumlisha zote 14: mwezi wa nafuu ilikatwa shilingi 7,600, mwezi mbaya 8,200. Jumla 110,300. Sijawahi kukatwa kiasi kile kile miezi miwili mfululizo.

Halafu bando. Hakuna aliyeniambia kwamba kwenye mipangilio kuna ubora wa kupakua, na kwangu ulikuwa umewekwa wa juu kabisa, kilobiti 320 kwa sekunde. Mtoto kanipigia hesabu kwenye karatasi ya kukatia ruwaza: ubora huo unakula takriban MB 2.4 kila dakika. Ubora wa chini wa kilobiti 96 unakula 0.72. Wenzangu mnaosikiliza Bongo Fleva za dakika tatu hamtaona kitu. Mie ni mtu wa taarabu. Wimbo mmoja dakika 13, mwimbaji hajamaliza hata kumsema mke mwenzie, umeshakula MB 31. Kwa ubora wa chini ungekula tisa na ushei, na kwa spika yangu iliyopasuka upande mmoja nisingejua tofauti. Nyimbo zangu 312 zilikula zaidi ya GB 5. Na Juni nilipobadilisha simu nikazipakua zote upya, kwani nyimbo zile hazihami kwa bluetooth wala kwa kadi ya kumbukumbu. Zimefungwa kwa kufuli linalofunguka ndani ya programu ile tu. GB 5 nyingine, nimelipa mara mbili mzigo ule ule.

(Kwa upande wa wasanii, nilidhani angalau wimbo mrefu unawalipa zaidi. Wapi. Huko Spotify ukisikiliza sekunde 30 imehesabiwa mara moja, na ukiisikiliza taarabu yote dakika 13 ni mara moja hiyo hiyo. Na tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa mwaka haulipwi kitu. Naziwaza zile bendi ndogo za Pangani.)

Kisa cha kujitoa nacho kina aibu yake. Mwaka juzi kabla ya Ramadhani niliifuta ile programu kwenye simu, maana mwezi mtukufu huwa nazima muziki dukani. Nikajua nimemaliza nao. Mwezi ukaandama, nikafunga, sikukuu ikafika, nakuta nimekatwa mara mbili. Kufuta programu, kumbe, ni kama kuhama chumba bila kumwambia mwenye nyumba: kodi inaendelea. Mkataba unajihuisha wenyewe kila tarehe ile ile mpaka uingie kwenye akaunti, utafute "Usajili", ushuke chini kabisa, ubonyeze "Sitisha", wakuulize una uhakika, ubonyeze tena, wakuonyeshe ofa, ukatae, ndipo wakuachie. Na ufanye hivyo saa 24 kabla ya tarehe, si siku yenyewe. Hata ule mwezi wa bure wa mwanzo ulikuwa hivyo: niliingia tarehe 9 nikajua nina mpaka 9, wao wakakata asubuhi ya 9 nikiwa bado nachemsha chai. Mie nikiwa na mteja namwambia njoo Jumamosi, akija Jumamosi jioni simuungurumii.

Nilijaribu pia kifurushi cha familia, kwa sababu kwa kichwa kinashuka bei. Watu sita. Nikaona heri, mie, wifi yangu, kaka aliye Muscat, dada wa Mombasa, na vijana wawili. Mtoto akasoma: wote muishi anwani moja. Sasa huyo aliyeandika familia ni anwani moja, sijui kazaliwa wapi. Familia yangu haijalala nyumba moja tangu hitima ya baba.

Kuna waliowahi kuumia kuliko mie. Mtoto wa kaka alinisomea habari ya duka la muziki la Yahoo, Marekani: watu walinunua nyimbo, si kukodi, kununua kabisa, halafu mwaka 2008 Yahoo wakatangaza kuwa mitambo inayotoa ruhusa ya kufungua zile nyimbo itazimwa mwisho wa Septemba. Ukibadilisha kompyuta baada ya hapo, basi. Apple nao walipofungua duka lao 2003 wimbo ukiuzwa senti 99 za dola, ulikuja na kufuli. Kufuli hilo liliondoka 2009.

Nilichofanya mie ni hiki. Januari ile nilirudisha pesa kwenye kadi, nyimbo zikarudisha rangi zake, sare zikaisha Jumapili usiku. Februari nikasitisha, na safari hii nilipita milango yote mpaka wa mwisho, nikapiga picha ya skrini. Tangu hapo nalipia mwezi nikiutaka, kama mtu anayekodi viti vya shughuli: Agosti yenye harusi nalipa, Ramadhani silipi. Na zile nyimbo ambazo siwezi kukaa bila kuzisikia nazinunua kidogo kidogo faili lenyewe, pale zinapopatikana. Kwenye tovuti ya Bandcamp wapo wanamuziki na lebo wanaouza wenyewe. Unalipa mara moja, unashusha MP3, inakaa kwenye kadi ya kumbukumbu, unaihamisha utakavyo, na tovuti inachukua asilimia 15 tu ya mauzo ya faili. Taarabu huko si nyingi. Nimepata 11 kwa mwaka mzima. Tovuti ya Mdundo, iliyoanzia Kenya, nayo inakupa MP3 inayobaki kwenye simu, ila utavumilia tangazo.

Jirani yangu anayerusha nyimbo kibandani kwake kwa shilingi mia mia ananicheka. Anasema lete flashi, nikujazie hizo 312 leo leo, hakuna mkataba. Namwambia nashona nguo, najua maana ya mtu kuchukua kazi yako asikulipe. Anasema haya, shangazi, endelea kukodi.

Juzi mteja kaja kupima gauni la kumtoa mwali, akausikia wimbo mmoja katika zile 11. Akaniomba. Nikachomoa kadi ya kumbukumbu kwenye simu kwa sindano ya cherehani, nikampa akasikilize kwenye simu yake pale pale benchini, dakika 13 zote. Kisha akanirudishia, akaniuliza na yeye aununue wapi.