Okestra redioni: panga sauti mara moja, kisha iache

Kosa kubwa la msikilizaji wa okestra redioni hufanyika kabla okestra haijapiga hata noti moja. Mtangazaji anaeleza kazi itakayopigwa, nawe unapanga sauti kwa kumfuata yeye, iwe ya kustarehesha sikio. Muziki unaanza, husikii kitu.

Chukua Boléro ya mtunzi Mfaransa Ravel, kazi ya takriban dakika 15. Inaanzia chini mno: ngoma ndogo inagongwa taratibu, viola na selo zinadonolewa kwa vidole, kisha filimbi inaingia peke yake. Baada yake klarineti, halafu basuni. Mdundo wa ile ngoma haubadiliki karibu mpaka mwisho. Kinachokua ni idadi ya ala na ukubwa wa sauti. Asiyeisikia ngoma mwanzoni ameukosa msingi. Wengi hapo huongeza sauti, na tarumbeta na tromboni zikijaa dakika za mwisho wanakimbilia kuipunguza. Kupanda kwa sauti bila kukatika ndiyo kazi yenyewe, na wao wameikata kwa mkono wao.

Kwa hiyo mpange mtangazaji awe juu kidogo kuliko upendavyo, kama mtu anayekusomea gazeti kutoka upande wa pili wa meza. Kisha usiguse tena. Ndani ya gari ushauri huu haufai, maana mngurumo wa injini unafunika kila kilicho laini. Ndiyo sababu stesheni nyingi za FM hubana sauti: zinainua iliyo ndogo na kushusha iliyo kubwa. Barabarani hilo ni msaada. Nyumbani ni hasara.

Spika ya simu nayo usiitegemee. Uzi mnene kabisa wa selo hutetemeka mara 65 hivi kwa sekunde, na wa dabli besi mara 41. Spika ndogo kiasi kile haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kwa sauti nzito namna hiyo, hivyo unabaki na kivuli chake tu. Ukimsikiliza Sheku Kanneh-Mason, mpiga selo aliyeshinda shindano la BBC la wanamuziki vijana mwaka 2016, kwa spika ya simu, nusu ya utamu wa mkono wake imepotea. Hedifoni za kawaida za waya zinatosha.

Mahali pazuri pa kuanzia ni Proms ya London, msimu wa matamasha ya okestra. Ilianza 1895 katika ukumbi wa Queen's Hall, BBC ikaichukua 1927, na mabomu yalipouteketeza ukumbi huo mwaka 1941 ikahamia Royal Albert Hall. Redio 3 ya BBC hurusha kila tamasha moja kwa moja. Ukumbi ule ni wa mviringo na ulisumbuliwa sana na mwangwi, mpaka mwaka 1969 yalipoanza kuning'inizwa darini masahani makubwa yanayofanana na uyoga ili kuutawanya. Mwangwi kidogo bado umo, na kwaya kubwa hunufaika nao.

Msimu ni Julai hadi Septemba, wakati London iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa 2: tamasha la saa 1:30 jioni kwao ni saa 3:30 usiku kwetu. Mwishoni mwa Oktoba wanarudisha saa nyuma, tofauti inakuwa saa 3, na tamasha la saa ile ile kwao huanza saa 4:30 usiku kwetu.

Kuhusu bando, ukisikiliza redio mtandaoni: mkondo wa kilobiti 320 kwa sekunde hula MB 144 kwa saa, wa 128 hula takriban MB 58. Mtandao ukiyumba chagua ule mdogo. Muziki unaokatikakatika ni mbaya kuliko muziki uliopungua ung'avu.

Simfoni, yaani kazi ndefu za okestra, nyingi zina sehemu nne, na kati yake hakuna anayeongea. Usidhani mtandao umekufa. Tega sikio: kimya cha ukumbini kina vikohozi, viti vinavyolia, karatasi zinazofunuliwa. Kimya cha mtandao hakina chochote ndani yake. Hata mitambo huchanganyikiwa hapo. Januari 2004 Redio 3 iliporusha 4′33″ ya mtunzi Mmarekani John Cage, kazi ya sehemu tatu ambamo wapigaji hawapigi noti yoyote, mafundi walilazimika kwanza kuuzima mfumo wa dharura unaojiwasha redio ikinyamaza.