Segue, neno la kuunganisha mambo
Jamani hili neno la Kiingereza segue nimelipenda sana aisee, linatamkwa "segwei", asili yake Kiitaliano, maana yake "inafuata", na kwenye karatasi za muziki linaandikwa mwisho wa kipande ili mpigaji asisimame, aingie moja kwa moja kwenye kinachofuata. Jana namsikiliza mtangazaji redioni, anatoka habari za msiba anaenda michezo, kavuta pumzi kidogo akasema marehemu alikuwa hakosi mechi, basi tukajikuta tupo uwanjani bila mtu kushtuka, hiyo ndo segue yenyewe sasa! Wengi wanaruka tu, "tukiachana na hayo", inakata kabisa. Mi naona anayeunganisha hivyo anamheshimu msikilizaji. Na kile chombo cha magurudumu mawili kilichotoka 2001, Segway, jina lake limetokea humu humu.